Kuanza BIM kwenye miradi ya usafiri wa umma Mombasa: mwongozo kamili, kutoka zabuni hadi makabidhiano

Ilikuwa katikati ya Ramadhani, yapata saa tano asubuhi, tingatinga lilipogonga bomba kuu la maji kwenye barabara tuliyokuwa tukiipanua upande wa bara. Maji yaliruka juu yakapita paa za matatu. Ramani tuliyokabidhiwa ilionyesha bomba hilo likipita ng'ambo ya barabara, na kina chake hakikuandikwa popote. Mtaa ule ulikaa siku mbili bila maji, akina mama wakihangaika na madumu visimani ili wapate ya kupikia futari. Baadaye nikaja kujua kwamba fundi mmoja mzee wa ofisi iliyotukabidhi ramani alifahamu fika bomba lilipo, kwa sababu alikuwepo lilipohamishwa miaka ya nyuma. Hakuna aliyemuuliza, wala hapakuwa na mahali pa kuandika anachokijua.

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoieleza BIM (kwa Kiingereza Building Information Modelling, yaani modeli ya taarifa za ujenzi) kwa kila anayeniuliza: ni kuipa taarifa ya ujenzi mahali pa kukaa na mtu wa kuijibia. Wengi hudhani ni picha za kupendeza za daraja likizunguka kwenye kompyuta. Picha ni sehemu ndogo. Katika modeli ya BIM, nguzo haichorwi kwa mistari minne tu. Nguzo hiyo inajijua kuwa ni nguzo, inajua ni ya zege la aina gani, nondo zake zimefunikwa kwa unene gani, ilimwagwa lini, na nani aliikagua. Ukibadilisha urefu wake, michoro na vipimo vyote vinavyoitegemea hubadilika pamoja nayo.

Mwongozo huu nimewaandikia wahandisi, wapima, wakadiriaji majenzi na maafisa wa kaunti na mashirika ya umma hapa Mombasa wanaotaka kuanza na hawajui washike wapi. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho: stendi mpya ya matatu upande wa Likoni, yenye daraja la waenda kwa miguu linalowafikisha abiria karibu na kivuko.

Hatua ya kwanza: chagua mradi mdogo, na ujue mwenye mradi ni nani

Usianze na daraja kubwa. Najua macho ya wengi yako kwenye kazi kubwa za mji huu: daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022, barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake juu ya hori, na lile daraja linalopangwa kuvuka mlango wa Likoni. Miradi ya aina hiyo huja na washauri wa kimataifa ambao tayari wana taratibu zao. Mahali pa kujifunzia ni kwenye kazi ambayo kosa lake linasahihishika, ambayo itaisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, na ambayo ofisi yenu ndiyo itakayoitunza.

Hata stendi yetu ndogo ina wakubwa wengi. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka ya KeNHA na za kitaifa za mijini chini ya KURA, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007. Kivuko kinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari. Stendi na mitaro ya mtaani ni ya kaunti. Maji, umeme na nyaya za mawasiliano kila kimoja kina mwenyewe. Kabla hujafungua kompyuta, andika kwenye ukurasa mmoja nani ni mwajiri wa mradi, nani ataitunza kila sehemu baada ya kukamilika, na nani ana haki ya kusema "hapana". Ukurasa huo usainiwe. Nimeona mradi ukisimama miezi kwa sababu ofisi mbili zilidhani mtaro ni wa mwenzake.

Hatua ya pili: muulize mtunzaji kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nitakaa kidogo. Kawaida mradi huanza na mbunifu, ukaenda kwa mkandarasi, halafu mwisho kabisa anaitwa mtu wa matengenezo akabidhiwe makasha ya makaratasi. BIM inakutaka uigeuze safari hiyo. Kaa chini na atakayeitunza stendi miaka 20 ijayo, umuulize: ukiamshwa usiku kwamba kitu kimeharibika, utataka kujua nini?

Chukua beringi za mpira, zile pedi ambazo sitaha ya daraja hukalia juu ya nguzo. Mtunzaji atakwambia anataka kujua ziko ngapi na wapi, aliyezitengeneza, tarehe zilipowekwa, uzito zinaobeba, mara ya mwisho kukaguliwa, na jeki ziwekwe wapi siku ya kuzibadilisha. Hayo ya mwisho hayamo kwenye michoro mingi niliyoiona, na ndiyo ghali kuyatafuta baadaye. Kwa zege la hapa pwani atataka pia unene uliofunika nondo na mchanganyiko uliotumika, maana chumvi ya bahari hupenya zege taratibu hadi ikafika kwenye chuma, na chuma kikianza kufura kutu, zege hupasuka. Mwenye kuujua unene huo tangu mwanzo anaweza kupanga ukaguzi kabla nyufa hazijaonekana.

Kwa taa atataka aina ya balbu na saketi inayoilisha. Kwa benchi la abiria hataki chochote zaidi ya mahali lilipo, na ni vizuri aseme hivyo, kwa sababu kudai taarifa isiyohitajika ni kumlipa mtu aandike kitu ambacho hakuna atakayekisoma.

Majibu hayo yote ndiyo yatakayokuwa waraka wa mahitaji ya taarifa. Viwango vya kimataifa vya kusimamia taarifa kwa BIM, ISO 19650, ambavyo sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018, vinaeleza jinsi waraka huo unavyopangwa: mahitaji ya taasisi kwanza, kisha ya mali yenyewe, kisha ya mradi, kisha yale anayopewa kila anayeajiriwa. Usibabaishwe na unene wa viwango. Kwa mradi wa kwanza kurasa sita au saba zilizoandikwa kwa lugha iliyo wazi zinatosha, zikitaja ni taarifa gani, ya kitu gani, itolewe na nani, hatua gani, na kwa muundo gani wa faili.

Hatua ya tatu: iingize kwenye zabuni

Ambacho hakimo kwenye mkataba, mkandarasi atakufanyia kwa hisani tu, na hisani huisha malipo yakichelewa. Kwa hiyo waraka wa mahitaji uwe kiambatisho cha zabuni, na wazabuni watakiwe kujibu kwa mpango wao wa utekelezaji wa BIM: nani ataratibu taarifa, watatumia programu zipi, watabadilishana faili vipi, na watakabidhi nini lini.

Jihadhari na jambo moja. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 60, hairuhusu masharti ya kiufundi yataje nembo ya biashara ya kampuni fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kitu sawasawa, na hata hapo lazima kilicho sawa nacho kikubalike. Hivyo usitaje programu ya kampuni fulani, kama "modeli iwe ya Revit" au "ya OpenRoads". Andika kwamba modeli ikabidhiwe katika muundo wa IFC, ambao ni wazi na haumilikiwi na muuzaji yeyote, pamoja na faili asilia za programu iliyotumika. Toleo la IFC 4.3, lililoingia kwenye kiwango cha ISO 16739-1 mwaka 2024, ndilo unalotaka, kwa sababu matoleo ya awali yalifikiria majengo zaidi. Hili linajua barabara ni nini, reli, daraja na hata gati, na linabeba mstari wa katikati wa barabara pamoja na kona na miinuko yake.

Kisha funga malipo na taarifa. Katika jedwali la kazi na bei, weka kipengele cha modeli chenye bei yake, kilipwe kwa hatua: sehemu muundo ukikubaliwa, sehemu kila mwezi wa ujenzi modeli ikisasishwa, na kiasi cha maana kabisa kibaki hadi makabidhiano. Taja pia kwamba mwajiri ndiye mwenye haki ya kutumia modeli na data yote. Ukisahau sentensi hiyo, siku moja utaombwa ulipie modeli ya stendi yako mwenyewe.

Hatua ya nne: kubalianeni mahali palipo mahali

Mambo ya vipimo huonekana madogo mpaka yakuangushe. Ramani nyingi za kitaifa za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960 na gridi ya UTM, inayohesabu mahali kwa mita za mashariki na kaskazini; Mombasa iko ukanda wake wa 37 kusini. Ramani nyingi za viwanja vya mijini ziko kwenye mfumo mwingine, Cassini. Simu yako, droni na GPS ya upimaji huanza na WGS84, mfumo wa dunia nzima. Kwa eneo letu, nukta ileile ikisomwa kwa Arc 1960 na kwa WGS84 bila kubadilishwa hutofautiana karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na kama mita 100 mashariki na magharibi. Pale Likoni, mita 300 ni tofauti ya kusimama nchi kavu na kusimama katikati ya mlango wa bahari.

Kwa hiyo mpima awe mtu wa kwanza kuajiriwa, na aandike ukurasa mmoja wenye mambo manne. La kwanza ni mfumo wa mradi na namna ya kubadilisha kutoka mifumo mingine. La pili ni alama za zege zilizopandwa saitini, zisizopungua tatu, mahali ambapo mikokoteni na matingatinga hayatazing'oa.

La tatu ni nukta ya asili ya mradi. Kwenye UTM, namba ya kaskazini ya Mombasa hupita 9,500,000, na programu nyingi za modeli hupoteza usahihi zikibeba namba kubwa hivyo. Mistari hutetemeka, nyuso hupasuka. Dawa yake ni kuchagua nukta moja karibu na saiti, muiite sifuri, na tofauti yake na UTM iandikwe ndani ya kila faili. Kila mtu aitumie hiyohiyo. Hapo hapo mkubaliane kuhusu kipimo cha gridi: kwa Mombasa, kilomita moja ya ardhini husomeka pungufu kwa takriban sentimita 33 kwenye gridi ya UTM. Kwenye stendi huenda usihisi. Kwenye daraja refu ambalo mihimili yake inakatwa kiwandani, utalia.

La nne ni kimo, nalo ni la pwani hasa. Watu wa barabara hupima kutoka usawa wa wastani wa bahari. Watu wa bandari hupima kutoka usawa wa chini wa maji kupwa, ule wa ramani za mabaharia. Tofauti yake inapita mita moja. Kwa stendi inayokutana na rampu ya kivuko, mchoro wa barabara na mchoro wa gati vikiunganishwa bila kuuliza, abiria mwenye kiti cha magurudumu atakutana na ukuta.

Hatua ya tano: kilicho chini ya ardhi

Kama una fedha za kufanya jambo moja tu vizuri, fanya hili.

Anza na kukusanya ramani zote za wenye mali: kampuni ya maji, Kenya Power, kampuni za nyaya za mawasiliano, bandari, bomba la mafuta kama uko karibu nalo. Usidharau upande wa mawasiliano. Mombasa ndipo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipopanda nchi kavu mwaka 2009, na nyaya zinazotoka pwani kwenda bara hupita chini ya barabara tunazozichimba kila siku. Kisha tembea saiti nzima ukihesabu kila kifuniko cha chemba, kila vali, kila nguzo. Kisha zungumza na wazee. Nasema hivi kwa dhati: panga siku nzima ya kuwatembeza mafundi wa zamani waliostaafu, uwalipe posho yao, na mpima aandike kila wanachoonyesha kwa kidole. Yule fundi wangu wa bomba angetuokoa kwa nusu saa.

Baada ya hapo ndipo vifaa. Rada ya kupenya ardhi inasifiwa sana, na kwenye udongo mkavu inastahili sifa. Lakini chumvi huimeza mawimbi yake. Karibu na maji ya Kilindini au hori la Tudor, ambako udongo umelowa maji ya chumvi, rada inaweza isione chochote chini ya kina kifupi, na ukosefu wa alama kwenye skrini si ushahidi kwamba hakuna bomba. Tumia pia vifaa vya kusikiliza umeme kwa nyaya na mabomba ya chuma, na mahali penye shaka chimba mashimo ya majaribio kwa jembe na mkono. Mwamba wetu wa matumbawe nao una mapango na nyufa, na mitaa ya zamani ina visima na mashimo ya vyoo yaliyofunikwa bila kumbukumbu. Mashimo ya uchunguzi wa udongo yaingizwe kwenye modeli pia, kila tabaka kwa kina chake.

Kisha kila bomba ndani ya modeli libebe alama ya uhakika wake. Utaratibu unaotumika kimataifa una ngazi nne, kutoka D hadi A. D ni kile kilichotoka kwenye ramani za ofisini tu. C kimethibitishwa na vifuniko vinavyoonekana juu. B kimegunduliwa kwa vifaa. A kimefukuliwa, kikaonekana kwa macho na kupimwa. Mimi huvipaka rangi: A kijani, D nyekundu. Mwendesha tingatinga hahitaji kusoma kiwango cha ISO kuelewa kwamba penye nyekundu anashuka chini wanachimba kwa mikono.

Ukitaka kurusha droni kupiga picha za juu, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Usichukulie mzaha: Likoni iko karibu na bandari, na kambi ya jeshi la majini iko Mtongwe, upande huohuo. Na kwa kuwa kamera itanasa nyuso za watu na nyua zao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Hatua ya sita: ghala moja la taarifa

Faili zikikaa kwenye WhatsApp, kwenye barua pepe na kwenye flashi za wahandisi, hamna BIM hata modeli iwe nzuri vipi. Lazima kuwe na ghala moja la pamoja, liwe kwenye seva ya ofisi au kwenye wingu, lenye vyumba vinne: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa kwa wenzako, iliyoidhinishwa, na kumbukumbu. Faili haihami chumba bila mtu mwenye jina kuikagua. Fundi saitini ajengee kilichomo kwenye chumba cha tatu tu.

Majina ya faili yafuate mpango mmoja. Kwa stendi yetu: STL-MSH-DRJ-01-M3-S-0004. STL ni mradi, MSH ni kampuni ya mshauri aliyeitengeneza, DRJ ni daraja la miguu, 01 ni sehemu ya kwanza, M3 ni modeli, S ni fani ya miundo, na mwisho namba yake. Hali na toleo havikai ndani ya jina. Vinakaa pembeni kama sifa za faili. S1 maana yake imeshirikishwa kwa uratibu. P02 ni toleo la pili la rasimu. Likishaidhinishwa kwa mkataba linaanza na C. Wiki ya kwanza watu watanung'unika. Wiki ya nne hakuna tena anayetuma "Mchoro final final mpya".

Nakala rudufu zifanywe kila usiku na moja ikae jengo jingine.

Hatua ya saba: watu na vifaa

Unahitaji mtu mmoja wa kuratibu taarifa kwa upande wa mwajiri, na asiwe kijana wa mafunzo kazini aliyepewa kwa sababu anajua kompyuta. Awe mhandisi au mkadiriaji mwenye uzoefu wa saiti na mwenye ruhusa ya kurudisha faili mbovu. Vijana ni hazina kwa kuchora na kuendesha programu, lakini wakae karibu naye.

Programu ghali zina nafasi yake, hasa kwa mshauri anayebuni barabara na miundo. Kwa ofisi ya mwajiri inayotazama, kukagua na kuuliza, kuna za bure zinazofaa kabisa: FreeCAD na Bonsai hufungua faili za IFC, QGIS kwa ramani, CloudCompare kwa data ya skana ya leza. Fedha mlizookoa nunueni kompyuta mbili zenye RAM ya kutosha, 32 GB si anasa, pamoja na UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi modeli unaweza kupoteza kazi ya siku.

Hatua ya nane: unganisha modeli, tafuta migongano

Kila fani hutengeneza modeli yake: barabara, miundo, mitaro, umeme. Kila wiki huunganishwa, na programu hutafuta vitu viwili vilivyokaa mahali pamoja. Mara ya kwanza itakuletea migongano kwa mamia, watu wakate tamaa. Mingi haina maana. Anza na jozi zenye uzito, msingi dhidi ya mabomba, nguzo dhidi ya njia ya magari, na uache skrubu dhidi ya vipini vya reli za kushikia.

Tuseme programu inakuonyesha msingi wa nguzo ya pili ya daraja umelalia bomba la maji taka kwa milimita 300. Bomba lina alama A, limefukuliwa, hakuna ubishi. Mhandisi wa miundo anasema tusogeze nguzo milimita 600 kuelekea baharini. Vizuri. Lakini ngazi zinafuata nguzo, na ngazi zikisogea zinakula njia ya matatu ya kugeukia. Ukizungusha basi la abiria 33 kwenye modeli unaona tairi la nyuma likipanda ukingo wanaposimama abiria. Basi mnarudi: punguzeni upana wa msingi upande mmoja, ongezeni kina. Mazungumzo hayo huchukua dakika 40 mezani. Saitini, zege likiwa limeshamwagwa, ni wiki kadhaa na barua nyingi.

Kila mgongano upewe mtu wa kuujibia na tarehe. Utumie muundo wa BCF, ambao hubeba swali pamoja na picha ya mahali penyewe kwenye modeli, ili anayejibu afunguliwe palepale.

Hatua ya tisa: ifungamanishe na kalenda na bahari

Kila kipande cha modeli kikiunganishwa na ratiba ya kazi, unaweza kuona ujenzi ukiendelea wiki kwa wiki. Kwa usafiri wa umma faida kubwa si kumfurahisha waziri. Ni kujua abiria watapita wapi leo jioni. Kivuko cha Likoni kikishusha watu, umati hauna njia ya pili; ukifunga mita kumi za njia bila mbadala umesababisha hatari. Weka ndani ya ratiba njia ya waenda kwa miguu, steji ya muda, mahali pa tuktuk na bodaboda, kila awamu. Kisha waite viongozi wa SACCO za matatu, makanga na wachuuzi waitazame kwenye skrini kubwa. Hawasomi ramani ya barabara, lakini modeli wanaielewa mara moja, na watakuonyesha ambacho wabunifu hawakukiona: "Hapo mheshimiwa, gari likisimama linaziba la nyuma."

Kwa kazi za kando ya maji, jedwali la maji la bandari liingie kwenye ratiba. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Kilindini hupita mita 3. Kazi ya chini ya rampu ipangiwe saa za kupwa, na msimu wa kusi, bahari inapochafuka, usipangiwe kazi ya majahazi ya kubeba vifaa. Masika nayo ihesabiwe kwa mitaro.

Vipimo vya malipo vinaweza kutolewa kutoka modelini, ila mkadiriaji avilinganishe na kanuni ya upimaji ya mkataba. Modeli itakupa ujazo halisi wa udongo. Mkataba unaweza kuulipa kwa namna nyingine.

Hatua ya kumi: saitini, kisha makabidhiano

Modeli ishuke saitini. Tableti moja kwa msimamizi inatosha kuanzia, na michoro ya karatasi ibaki kwa mafundi, kila mmoja ikiwa na tarehe na toleo. Jambo la lazima ni kupima kabla ya kufukia. Bomba likilazwa, mpima aje, apige picha, achukue vimo, na modeli isasishwe wiki hiyohiyo. Mkandarasi asipate hati ya malipo ya mfereji uliofukiwa bila vipimo. Ukisubiri mwisho wa mradi, utaletewa michoro ya awali iliyobadilishwa jina tu.

Sehemu zikikamilika zipigwe skana ya leza na kulinganishwa na modeli. Mkubaliane mapema tofauti gani inavumilika: milimita chache kwenye kiti cha beringi, sentimita kadhaa kwenye mtaro.

Siku ya makabidhiano usipokee kasha wala kiungo cha intaneti ukasaini. Mwite yule mtunzaji uliyemuuliza hatua ya pili. Mkalishe mbele ya kompyuta ya ofisi yake mwenyewe, si ya mkandarasi, na mpe maswali matano: beringi ya tatu upande wa kivuko ilitengenezwa na nani? Taa ya ngazi za kusini inalishwa na saketi ipi? Vali ya kufunga maji ya choo cha stendi iko wapi? Nondo za nguzo ya pili zimefunikwa kwa unene gani? Bomba lililo karibu na msingi wake lina uhakika wa ngazi ipi? Mpe dakika tano kwa kila swali. Akishindwa hata moja, rudisha modeli ikasahihishwe, na kiasi kilichobaki cha malipo kikae kilipo hadi arudi kitini mara ya pili na kuyajibu yote.